Nani Anayelipia Sindano ya Miezi Mitatu?

Suala la kupanga uzazi likizuka redioni hapa Kisumu, wanaopiga simu huenda moja kwa moja kwenye maadili. Msichana wa miaka kumi na saba apewe sindano ya kuzuia mimba? Mke wa mtu adungwe bila mumewe kujua? Shule ikifundisha mambo haya haitawaharibu watoto? Ni maswali mazito na siwadharau wanaoyauliza, maana wengi wao ni wazazi wenye hofu ya kweli. Lakini kipindi kinapokwisha bila hata mtu mmoja kuuliza sindano hiyo inanunuliwa na nani, kwa fedha zipi, na ikikosekana mama afanye nini, naona tumeanzia mjadala katikati. Sindano ina mnunuzi, ina gari la kuisafirisha, ina rafu ya kuwekwa. Na kwa zaidi ya nusu karne Kenya imewaachia watu wa nje sehemu kubwa ya gharama hizo.

Chukua mama wa watoto watatu anayeuza omena soko la Kibuye. Anaamka alfajiri, anamwachia jirani meza yake, anapanda bodaboda hadi zahanati. Kadi yake haikai nyumbani. Inakaa kwa huyo jirani, kwa sababu mumewe alikwisha kusema hataki kusikia habari za sindano. Kwenye kadi pameandikwa tarehe ya kurudi, miezi mitatu tangu alipodungwa mara ya mwisho. Anakaa benchi moja na akina mama walioleta watoto wa chanjo. Zamu yake inafika.

"Mama, leo sindano hakuna. Jaribu wiki ijayo, ama ununue huko nje tukudunge."

"Na ile ya mkono, daktari?"

"Hizo ziliisha mwezi jana. Kwa sasa mtumie kondomu."

Anaitikia, anarudi sokoni. Ushauri wa kondomu si mbaya, ila anayepaswa kuivaa ni mtu asiyejua kwamba mkewe alikuwa kwenye foleni ile. Nauli imekwenda, asubuhi ya biashara imekwenda. Kuna jambo jingine ambalo huenda hajaambiwa: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya Depo, hiyo hiyo ya miezi mitatu, inaweza kurudiwa hata ikichelewa hadi wiki nne bila kuhitaji kinga ya ziada. Angelijua, asingelala akihesabu vidole usiku huo. Angepanga siku ya kurudi, angeuliza zahanati ya pili, angekuwa na muda wa kutafuta fedha. Amekosa dawa na amekosa maelezo kwa siku moja. Ndiyo maana nasema mjadala wa nani alipe na mjadala wa nani afundishe ni mjadala mmoja, na kila tunapouvunja vipande viwili mama huyu anapoteza kotekote.

Kisheria hapana mashaka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kimeitaja afya ya uzazi waziwazi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inakwenda mbele zaidi: wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa kuhusu huduma za kupanga uzazi, na wana haki ya kuzipata zikiwa salama, zenye kufanya kazi, za bei wanayoimudu na zinazokubalika kwao. Kuelezwa na kupata vimewekwa ndani ya sentensi moja. Sisi ndio tuliovitenganisha. Dawa tukaiacha kwa Wizara ya Afya, maelezo tukayasukumia shule, na shule ikayasukumia kipindi cha dini cha Ijumaa kiitwacho PPI, ambapo mgeni anasimama mbele ya watoto mia tatu na kuwaambia wajitunze, kisha kengele inalia.

Mahakama zetu, kwa heshima yao, zimeonyesha kwamba haki za namna hii zinaweza kudaiwa. Juni 1, 2013 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza kwamba kina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Agosti ya mwaka huo huo mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa na waliopaswa kumhudumia. Kabla ya hapo alikuwa ametakiwa ajinunulie vifaa ambavyo tangazo lilisema ni vya bure. Alikwenda kortini. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa na kwamba alipwe shilingi milioni 2.5. Waandishi wengi waliandika juu ya wauguzi. Mimi nilishikwa zaidi na sehemu ile ya hukumu inayozilaumu serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, kwa kutotenga rasilimali za kutosha na kutofuatilia kama huduma inatolewa inavyostahili. Jaji aliiona bajeti nyuma ya kofi.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Kenya ilianza mapema. Chama cha kupanga uzazi kiliundwa 1962, kabla ya uhuru, na mwaka 1967 serikali ikazindua mpango wa kitaifa, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hata hazijaanza kulitaja jambo hilo hadharani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4. Katika utafiti huo asilimia 57 ya wanawake walio katika ndoa walikuwa wakitumia njia ya kisasa, na asilimia 14 hawakuwa wakitumia njia yoyote ingawa walitaka kuacha kuzaa au kusubiri. Haya si mabadiliko yaliyoletwa na amri. Yaliletwa na mamilioni ya wanawake walioamua, mara nyingi kimyakimya, kwamba watoto wanne wenye karo ni bora kuliko wanane wanaofukuzwa shule, na wakakuta zahanati yenye kitu mkononi.

Kitu hicho kilinunuliwa na nani? Bidhaa za kupanga uzazi hununuliwa kitaifa na kusambazwa kupitia KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wafadhili: Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID, Uingereza, na UNFPA, shirika la idadi ya watu la Umoja wa Mataifa. Serikali zetu zilizoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huu tuliutazama ukibebwa na wengine hadi tukasahau kwamba ni wetu. Kisha Januari 2025 Rais Donald Trump akasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Mwezi huo wa Julai ulimwengu ukajua kwamba dawa za kupanga uzazi za thamani ya dola milioni 9.7, zilizokwisha kulipiwa, zilikuwa zimekwama ghalani Geel, Ubelgiji, na kwamba serikali ya Marekani ilikusudia kuziteketeza. Nyingi zilikuwa zimekusudiwa nchi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Nilisoma habari hiyo nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na pande mbili. Kuchoma dawa nzima zenye kuhitajika ni ukatili. Na taifa lenye Katiba kama yetu kuiweka haki ya mwanamke wa Nyalenda katika ghala la Ubelgiji ni uzembe wetu wenyewe.

Kwa nini magavana na mawaziri hawakimbilii kulipia? Jibu langu ni kwamba mfumo wetu wa fedha huiona mimba ikiwa tayari ipo, hauioni iliyozuiwa. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida hospitali hudai shilingi 10,000. Akipasuliwa hudai 30,000. Ni haki hospitali ilipwe. Lakini fikiria msimamizi wa hospitali anayekaa na vitabu vyake: wodi ya uzazi inaingiza fedha, ina picha, ina siku ya ufunguzi yenye gavana na utepe. Chumba kidogo cha kupanga uzazi, chenye kitanda kimoja na pazia, hakina siku ya kuzinduliwa. Kakamega mwaka 2013 ilianzisha mpango wa kuwalipa kina mama maskini ili wahudhurie kliniki na kujifungulia hospitalini, na mpango huo ulijulikana nchi nzima. Nauheshimu. Natamani tu kaunti ijulikane pia kwa kutokosa kipandikizi, ile njia ya mkono, hata siku moja ndani ya mwaka.

Kisumu tuna sababu ya ziada ya kudai hivyo. Desemba 2018 Rais Kenyatta alikuja hapa hapa kuzindua majaribio ya afya kwa wote, Kisumu ikiwa moja ya kaunti nne pamoja na Nyeri, Isiolo na Machakos. Tulifundishwa neno "bure" mapema kuliko wengine. Leo huduma ya zahanati na kituo cha afya inapaswa kulipiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi, inayotoka kwenye kodi, na mgonjwa aliyejisajili asitoe senti. Vema. Lakini hazina haiwezi kulipia sindano ambayo haijafika, na muuguzi hawezi kuweka koili bila glavu. Mama anayetumwa dukani kununua glavu na sindano amelipia kupanga uzazi, hata kama ripoti ya robo mwaka itasema alihudumiwa bila malipo.

Wale wenye bima za kazini wasijione wako salama. Chukua kile kijitabu ulichopewa siku ya kuajiriwa, fungua sehemu ya vitu visivyolipiwa, usome hadi mwisho. Mara nyingi kupanga uzazi kumo humo, pamoja na miwani ya mapambo na upasuaji wa urembo. Wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha, wengi wao wanawake vijana, wana kila sababu ya kulifanya jambo hili kuwa kipengele cha mkataba wao wa pamoja na mwajiri, sawa na likizo ya uzazi.

Marekani wamepigana vita hivi kwa njia nyingine. Sheria yao ya afya ya 2010 ilileta sharti kwamba bima za kazini zilipie dawa za kupanga uzazi bila mwanamke kuongeza fedha. Kampuni ya Hobby Lobby, ambayo wenyewe ni Wakristo, ikapinga baadhi ya njia kwa misingi ya imani, na Juni 2014 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi kwa kura tano dhidi ya nne. Tangu hapo imani ya mwenye kampuni imeweza kuamua kilichomo kwenye bima ya karani wake. Sisi hatujafika huko, lakini swali lenyewe lipo kwetu kwa sura nyingine. Magharibi mwa Kenya hospitali za misheni zimewatibu watu tangu zamani, na watu wanazipenda. Za Kikatoliki hazitoi vidonge, sindano wala vipandikizi, msimamo ambao Papa Paulo VI aliuthibitisha 1968. Sitaki sista alazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Ninachotaka ni kaunti ijue kwamba pale ambapo kituo cha karibu ni cha misheni, wajibu wa serikali haujaisha. Mwanamke wa kata hiyo anastahili mlango mwingine anaoweza kuufikia kwa miguu, na SHA isimhesabu kama aliyehudumiwa kwa sababu tu kuna jengo karibu naye.

Kuna hoja moja ambayo watetezi wa haki za wanawake huikwepa, nami naona ni kosa kuikwepa. Ni ile ya mzee anayesema kupanga uzazi ni njama ya kutupunguza. Takwimu hazimuungi mkono, lakini shaka yake ina mizizi. Katika nchi hii wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamewahi kufungwa uzazi bila ridhaa ya kweli, wengine wakiwa kwenye uchungu wa kuzaa, wengine kwa karatasi waliyosainishwa bila kuelewa. Walikaa kortini miaka mingi, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Haki ya kupanga uzazi inakamilika tu pale ambapo mwanamke anaweza kusema hapana, au kusema nimebadili nia. Leo hii ukienda kuwekewa kipandikizi utapokewa vizuri. Ukirudi baada ya mwaka mmoja kusema kinakutoa damu kila wiki, kitolewe, utasikia maswali mengi kuliko siku ya kwanza. Utaambiwa uvumilie. Utaambiwa ni ghali, usipoteze. Kutoa ni huduma kama kuweka, na kituo kisichoweza kutoa kisiruhusiwe kuweka. Tukilisema hili kwa sauti kubwa, yule mzee atapungukiwa na sababu moja ya kutuogopa.

Sasa shule.

Wazazi wa umri wangu walisoma sayansi kimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na kushona, kupika, useremala na sanaa, na masomo hayo yalitahiniwa hadi darasa la nane. Wazazi walilalamika kuhusu gharama ya vitambaa na mbao, kwa haki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi yakaondolewa kwenye mtihani. Baadaye likaletwa somo la stadi za maisha, kipindi kimoja kwa wiki, lisilotahiniwa. Kila aliyepita shule za Kenya anajua kipindi kisichotahiniwa hufanyiwa nini: kilitumiwa kumalizia hisabati. Mtaala wa umilisi, ule wa CBC, ulipofika sekondari msingi mwaka 2023, stadi za maisha na elimu ya afya zilikuwa masomo kamili. Kisha jopo la Profesa Raphael Munavu likapendekeza masomo yapunguzwe hadi tisa, na katika kupunguza huko stadi za maisha zikaingizwa ndani ya masomo ya jamii, afya ikaingizwa ndani ya sayansi jumuishi. Mzigo wa masomo kumi na mawili na zaidi ulikuwa mzito mno, nakubali. Lakini somo lililomezwa na jingine hutegemea kabisa mwalimu aliyelipokea, na mwalimu wa historia mwenye haya ataanza na mipaka ya Kenya na kumalizia na mipaka ya Kenya.

Ninapodai stadi za maisha sidai mchoro wa mfuko wa uzazi. Huo upo. Nadai vitu ambavyo mtu huvitumia siku ya Jumanne akiwa peke yake na mwenye hofu. Msichana ajue kuhesabu mzunguko wake kwenye kalenda ya ukutani na kuona pale unapobadilika. Ajue P2, kile kidonge cha dharura, hufanya kazi gani: inywewe ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo bora, haiondoi mimba iliyokwisha kutunga, haikingi Ukimwi wala kisonono, na ukiitegemea wiki baada ya wiki itakuangusha kuliko njia za kawaida. Leo maelezo haya anayapata kwenye dirisha la duka la dawa huko Kondele, anaponong'ona huku watu watatu wakisubiri nyuma yake, na muuzaji anamsukumia pakiti bila neno.

Mama kijana ajue kwamba kunyonyesha huzuia mimba, ndiyo, lakini kwa masharti matatu ambayo lazima yote yawepo: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Nimewasikia akina mama wengi wakisema "nilishika nikinyonyesha" kana kwamba ni ajabu. Walipewa nusu ya habari.

Na kuna maarifa yanayowahusu watu wa huku hasa. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanawake wenye virusi vya Ukimwi. Ulionyesha kwamba waliotumia kipandikizi huku wakimeza efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya virusi, walipata mimba zaidi kuliko wenzao wenye kipandikizi waliokuwa kwenye dawa nyingine. Siku hizi wagonjwa wengi wamehamishiwa dolutegraviri, ambayo haina shida hiyo. Lakini funzo la msingi linafaa kwa yeyote: ukiandikiwa dawa mpya, mwambie daktari njia unayotumia, na uulize kama zinaelewana. Sentensi hiyo moja inafundishika. Igizeni darasani, wawili wawili, mmoja awe daktari mwenye haraka, mwingine mgonjwa anayekataa kuondoka kabla hajajibiwa. Huo ni umilisi.

Wavulana wakae humo humo, benchi moja. Wajifunze kupika sima na mboga, kufua, kubadilisha nepi, kwenda na mtoto kliniki. Wajifunze kwamba kondomu ni kazi yao na kwamba mwanamume anaweza kufunga uzazi na kubaki mwanamume. Ikiwa tunataka siku moja mama wa kesho kama yule wa Kibuye aweke kadi yake mezani kwake mwenyewe, mumewe ajaye yuko gredi ya nane sasa hivi.

Fedha pia zimo. Namba ya siri ya M-Pesa isipewe mpenzi. Mkopo wa simu una riba, na riba ihesabiwe kwa kalamu kabla ya kubonyeza. Kumdhamini mtu kwenye chama ni kusaini deni. Mkataba wa nyumba husomwa. Nayaweka haya pamoja na sindano kwa makusudi. Kwenye fuo za ziwa, kutoka Dunga hadi Homa Bay, kila mtu anaijua jaboya: mwanamke asiye na mtaji hapewi samaki hadi alipe kwa mwili wake. Mwambie huyo habari za kondomu kuanzia asubuhi hadi jioni, bado mwenye mtumbwi ndiye atakayeamua. Akiwa na mtaji wake na kikundi cha wenzake cha kumkopesha, mazungumzo yanabadilika. Mpango wa DREAMS, uliolipiwa na Marekani na kufanya kazi Kisumu, Siaya na Homa Bay, uliweka mambo haya pamoja: wasichana walikutana na dada mlezi wa mtaa wao, wakafundishwa afya, fedha na namna ya kujinasua kwenye hatari. Ufadhili uliposimamishwa 2025 mipango ya aina hii ilitikiswa vibaya. Dada walezi bado wako mitaani, na walichojifunza hakijaisha. Kaunti inaweza kuwaajiri.

Najua mzazi atasema: ukiwafundisha utawafungulia mlango. Nimeisikia hoja hii kanisani na nyumbani, kutoka kwa watu ninaowapenda. UNESCO ilipopitia tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa 2018 ilikuta kwamba elimu hii haiongezi vitendo vya ngono wala haiwafanyi vijana waanze mapema. Palipokuwa na badiliko, lilikuwa la kuchelewa. Na hapa kwetu ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Miongoni mwa wale ambao hawakusoma kabisa ni asilimia 38. Miongoni mwa waliosoma zaidi ya sekondari ni asilimia 5. Mlango ulikuwa wazi siku zote, na anayeingia mara nyingi ni mwanamume mtu mzima ambaye Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ingemfunga, kama familia hazingekubali kumaliza mambo kwa ng'ombe na bahasha. Somo la stadi za maisha limwambie msichana hilo pia, kwamba aliyetendewa akiwa chini ya miaka 18 hana kosa, na kwamba mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamtaka mwalimu mkuu ampokee tena akishajifungua.

Mwalimu asiachwe peke yake na mzigo huu. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa. Wanazijua nyumba, wanajua kadi ya nani inafichwa wapi. Mmoja aje shuleni kila muhula pamoja na muuguzi wa zahanati jirani, na mwalimu akae nyuma asikilize. Itagharimu nauli na chai.

Haya yote yanarudi kwenye karatasi za kaunti, na karatasi hizo zina tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti ipeleke mkakati wake wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni, kwenye ukumbi wa wadi au chini ya hema, na mara nyingi wanaojitokeza huzungumzia barabara. Mwaka huu vikundi vya akina mama viende na maswali yaliyoandikwa. Kifungu cha bidhaa za kupanga uzazi kiko ukurasa gani, na kina shilingi ngapi? Glavu na usafiri kutoka bohari hadi zahanati vimehesabiwa? Afisa akijibu kwamba ununuzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, aonyeshe KEMSA ilileta nini robo iliyopita, zahanati kwa zahanati, na zipi zilikaa bila sindano kwa siku ngapi. Karani ayaandike majibu kwenye kumbukumbu za kikao na mwakilishi wadi aweke sahihi, ili Aprili ya mwaka unaofuata tuanzie hapo.